Re: Disney World na watoto wa miaka 2 na 4

Habari dada. Nimekuelewa hivi: mna siku 3 Disney World kule Florida, na hujui kama mdogo anahitaji tiketi, wala nyinyi wakubwa mtapandaje michezo ambayo watoto hawaruhusiwi.

Tiketi isikuumize kichwa, chini ya miaka 3 anaingia bure. Angalia tu tarehe yake ya kuzaliwa kabla hujalipa chochote. Akiwa ametimiza 3 siku mnayoingia, mlipie.

Halafu mpime yule wa miaka 4 urefu akiwa na viatu. Kwenye mlango wa mchezo kuna kipimo, na mhudumu habembelezeki hata ikipungua sentimita 1. Kwa treni za kasi, Seven Dwarfs Mine Train wanataka sentimita 97, Space Mountain 112. Kama hafiki, mwambie mkiwa bado nyumbani, asije akaangua kilio mbele za watu. Nyinyi ombeni Rider Switch: mmoja anapanda, mwenzake anabaki na watoto, kisha mnapokezana bila wa pili kupanga foleni upya. Haina malipo, ila mwone mhudumu kabla ya kuingia foleni.

Mimi ningeanza na Magic Kingdom, mojawapo ya bustani za Disney World, asubuhi lango linapofunguliwa, mchana mkalale hotelini, jioni mrudi. Wa miaka 2 asipolala mchana, hiyo jioni muisahau kabisa! Kigari cha mtoto bebeni hata kama anatembea vizuri, kisizidi upana wa sentimita 79. Maji na vitafunwa ruksa kuingia navyo, chupa za kioo hapana.