Mtoto wa Pangani alivyoaibika mto Yonne

Juzi dada mmoja aliyeko Muscat kaniandikia. Viza ya Schengen kaipata, boti ya wiki moja ameshailipia, wataichukulia Auxerre, Ufaransa, familia mbili. Ratiba kanitumia: siku ya pili wafike Clamecy, siku ya nne wawe kwenye mahandaki ya La Collancelle, pale mfereji unapopita chini ya kilima, kisha wageuze. Anauliza kama kuna kitu amesahau.

Mdogo wangu, niliisoma nikacheka, halafu nikanyamaza. Ratiba hiyo ni yangu. Mwaka juzi niliiandika hivyohivyo kwa kalamu nyekundu, nikaibandika kwenye friji hapa Köln.

Mimi ni mzaliwa wa Pangani. Nimekua nikivuka kwa pantoni kwenda Bweni, na pondo nimelishika kabla ya kalamu. Kwa hiyo siku tunakabidhiwa boti, kijana wa watu anaeleza usukani na kamba, mimi natazama bata. Kule boti za kukodi hazidai leseni. Unafundishwa kidogo, unapewa karatasi, unaondoka. Rafiki yangu, tuliyekaa naye mtaa mmoja miaka tisa, aliuliza maswali mpaka nikaona haya. Yeye ni mtu wa Dodoma. Nikamwambia, "Bwana wee, twende, maji nayajua."

Maji nilikuwa nayajua kweli. Nisichokijua ni lango la maji, lile Wafaransa wanaloliita écluse. Mfereji wa Nivernais unaanzia hapo Auxerre, unaufuata mto Yonne, na kwenda kilomita 174 hivi hadi kwenye mto Loire, na malango yake yanapita 100. Unaingia kwenye chumba cha mawe, mlango unafungwa nyuma yako, mlinzi anazungusha mkono wa chuma, maji yanajaa au yanapungua, nawe unapanda au unashuka nayo. Dakika kumi na tano kila lango, kama hakuna foleni. Mchana mlinzi anakwenda kula, nawe unasubiri. Mimi nilihesabu kilomita tu: Clamecy ni kama 60, basi siku mbili.

Tulifika siku ya nne. Siku tatu za kupandisha hizo sina la kusimulia, nilikuwa natazama saa.

Na Clamecy yenyewe nikawapa saa moja na nusu. Mji ule, jamani! Kwa karne kadhaa, tangu ya 16, ndio uliowapashia watu wa Paris moto. Kuni zilikatwa misitu ya Morvan, kila mfanyabiashara akigonga alama yake kwenye magogo, yakatupwa vijitoni yateremke yenyewe. Clamecy yakaopolewa, yakachambuliwa kwa alama, yakafungwa vyelezo vya karibu mita 70, wanaume wakavisimamia juu wakavishusha mto Yonne na Seine hadi Paris. Kurudi, kwa miguu. Nikiwa mtoto wa mto, hawa ndio watu wangu. Tena mji huohuo ulihifadhi maaskofu wa Bethlehemu waliopoteza makao yao baada ya vita vya msalaba, wakakaa hapo hadi Mapinduzi ya Ufaransa. Mama Zuhura aliomba tuone makumbusho. Nikasema safari nyingine. Haya yote nimekuja kuyasoma nyumbani.

Siku ya tano tunateremka. Nisikilize hapa, maana hili ndilo la kukuokoa: ukishuka langoni, kamba HAIFUNGWI. Inazungushwa kwenye nguzo na kushikwa mkononi, unailegeza kadiri maji yanavyopungua. Mimi nikapiga fundo zuri la Pangani, nikaenda kupiga picha. Maji yakashuka, boti ikabaki imening'inia ubavu mmoja. Sahani zote chini. Sufuria la pilau la shemeji likabingirika hadi mlangoni, mtoto wao akapiga yowe. Binti aliyekuwa akilinda lango, mwanafunzi wa kazi za likizo, akakimbia kufunga maji. Namshukuru hadi leo.

Rafiki yangu hakupaza sauti. Alisema, "Wewe si nahodha. Wewe ni dereva wa daladala." Jioni hiyo wakashuka na mizigo, wakapanda treni stesheni ya Cravant-Bazarnes. Na mimi nikaona nimeonewa! Maana nani aliyepanga safari? Nani aliyeamka alfajiri? Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama, nikajitia kuwa ndiyo maana yake. Boti ile ilikuwa na nahodha mmoja tu, na ndiye aliyeipeleka mrama.

Tukabaki watatu pale Cravant, ratiba imekufa. Tukalala siku mbili. Ni kijiji chenye mabaki ya ngome, nyumba za mbao na udongo, mahali mto Cure unapoingia Yonne. Mwaka 1423 Waingereza na watu wa Burgundy waliuvuka mto hapo, maji yakiwafika kiunoni, wakawapiga Wafaransa na Waskoti waliokuwa upande wao. Zuhura alikaa gatini akitupa vijiti majini, anauliza, "Baba, hiki kitafika Paris?" Kwa mto ule, kitafika. Ndiyo likizo niliyolipia, siku mbili kati ya saba.

Na Auxerre, mji niliouacha mgongoni siku ya kwanza kama kituo cha basi, tuliuona baada ya kurudisha funguo. Chini ya abasia ya Saint-Germain, nyumba ya kale ya watawa, kuna michoro ya ukutani ya karne ya 9, Stefano, mfiadini wa Kikristo, anapigwa mawe, rangi bado ziko. Nilisimama pale nikajionea aibu.

Basi, dada yangu, futa mahandaki. Ikibidi futa na Clamecy. Lala usiku mbili mahali pamoja, popote. Nyama ya halali nunua kabla ya kuondoka mjini, vijijini usiitegemee. Na mkate nunua Jumapili, maana Jumatatu utakuta maduka mengi yamefungwa. Kijana akieleza kamba, msikilize. Na hao mnaokwenda nao, kaeni chini kabla ya safari, kila mtu aseme anataka nini kwenye hiyo wiki. Nyie mnaopenda kupanga kila kitu, na najua humu mmejaa, waulizeni wenzenu! Mkewe mtu akitaka makumbusho, mpelekeni makumbusho! Na kamba haifungwi, nimeshasema.

Rafiki yangu tunasalimiana msikitini, basi. Idi mbili hizi hajaja kwangu. Sufuria lao la pilau waliliacha kwenye boti. Nimelinyoosha pale lilipobonyea, nimelisugua, liko juu ya kabati. Wakilitaka, lipo.