Mama aliyauza, leo ananyimwa

Ndugu Mhariri, wiki hii mmeuliza: je, mwanamke aliyevuka miaka 60 aache mayai kwa kuogopa kolesteroli? Swali limenichoma, kwa sababu kwetu Kongwa liliamuliwa bila mwenyewe kuulizwa. Basi nitaanza na langu: nani aliyetupa sisi watoto ruhusa ya kuondoa chakula kwenye sahani ya mama?

Mama yangu amefuga kuku wa kienyeji tangu nipate akili. Tulipokuwa wadogo yai halikuliwa ovyo pale nyumbani. Yai lilikuwa daftari, lilikuwa chumvi na mafuta ya taa, na likikaangwa ujue kuna mgeni. Mama aliyapanga kwenye ndoo yenye pumba yasipasuke, akajitwisha hadi mnadani. Kuyala alianza uzeeni, magego yalipokwisha na nyama ya mbuzi ikamshinda. Asubuhi alichemsha moja, akalimenya taratibu, akalila na kiporo cha ugali wa uwele.

Mwaka mmoja kaka alimchukua akaenda kupimwa mjini, mafuta kwenye damu yakaonekana yamepanda. Neno alilorudi nalo lilikuwa moja: “Bibi, acha mayai.” Hakuna aliyemuuliza anapikia mafuta gani. Krismasi tulipokutana wote nyumbani, kaka alisimama kabla ya chakula akatutangazia. Wifi akaagizwa mayai yote yawe yanakusanywa na kupelekwa Kibaigwa kuuzwa. Mama alinyamaza kwanza, kisha akasema: “Ujana wangu wote nimeyauza, ninyi mkasoma. Leo nimeanza kuyala, mnasema yananiua?”

Hakuna aliyemjibu. Na mbele yetu kulikuwa na nini? Pilau iliyochuruzika mafuta, mbuzi wa kukaanga na mafuta yake, maandazi yaliyopikwa kwa mafuta ya kuganda yaliyokwisha kukaangia jana yake. Hivyo vyote mama aliruhusiwa. Kaka mwenyewe alimwongezea andazi. Nilimtazama mama akilipokea kwa mikono miwili, na mpaka leo nikikumbuka roho inaniuma.

Baada ya hapo ikawa ugali na mlenda, mlenda na ugali. Mlenda ni chakula chetu na ninaupenda, lakini peke yake haumtoshi mtu wa umri ule, ambaye hamu ya kula imepungua na misuli inakwisha. Yai moja lina protini kama gramu 6, laini, halihitaji meno. Mvua zilipokatika mama alikuwa anashika ukuta akitaka kuinuka kigodani.

Kolesteroli nyingi tuliyo nayo inatengenezwa na ini letu wenyewe. Yai kubwa lina takriban miligramu 186, zote kwenye kiini, lakini mafuta ya aina inayoganda ndani yake hayafiki gramu 2. Na mafuta ya aina hiyo ndiyo yanayopandisha zaidi LDL, kolesteroli ile mbaya. Mafuta ya mawese karibu nusu yake ni hayo. Ya alizeti ni kama sehemu moja tu katika kumi. Sisi wa Dodoma na Singida alizeti inakamuliwa mlangoni kwetu! Halafu kuna jambo ambalo akina kaka hawalitaji: hedhi ikikoma, estrojeni, ile homoni ya kike, inashuka na LDL hupanda, hata kama mwanamke hajagusa yai. Mimi nimeshaingia umri huo, kwa hiyo silisemi kwa ajili ya mama peke yake.

Hata Marekani, katazo lilikotokea, wamebadilika. Mwaka 1968 Chama cha Moyo cha huko kilisema viini visizidi vitatu kwa wiki. Mwongozo wao wa chakula uliotoka kwa ajili ya 2015 hadi 2020 ukaondoa ule ukomo wa miligramu 300 za kolesteroli kwa siku.

Nilipoanza kuandika nilitaka kuishia hapo na kusema rudisheni mayai yote. Lakini mwongozo huohuo haukusema watu wale bila kipimo. Tafiti kubwa kuhusu mayai na moyo hazikubaliani, na wenye kisukari ndio wanaotajwa zaidi upande wa hatari. Wapo pia watu ambao miili yao hupandisha kolesteroli kwa yai kuliko wengine. Na mama yangu ana kisukari. Kwa hiyo kaka hakukosea kila kitu, ingawa alivyofanya sikubaliani navyo.

Jibu langu basi: mama mwenye vipimo vizuri na asiye na kisukari, yai moja kwa siku, la kuchemsha, sioni sababu ya kumnyima. Mwenye kisukari au LDL iliyopanda, ningepunguza viini, tena ningesimamia hilo hata akininunia. Ute ale, hauna kolesteroli. Abadilishe mafuta ya kupikia, apimwe tena baada ya miezi mitatu hivi, na kama amepewa dawa asiziache. Mama sasa anakula yai siku moja moja katika wiki. Maandazi tumeyaondoa, naye alikubali tulipokaa wawili jikoni tukaisoma karatasi ya majibu mstari kwa mstari, kaka akiwa kwenye simu anasikiliza.

Msomaji wenu, Dodoma