Kahawa ya arabika: pesa hupotea kati ya mti na kichanja

Unaweza kupogoa, kuweka mbolea na kupiga dawa ya chulebuni, ugonjwa wa matunda ya kahawa, mwaka mzima, kisha ukapoteza malipo ya jasho hilo ndani ya siku mbili tu za mwisho. Kahawa ikishachumwa haiongezewi ubora. Kazi iliyobaki ni kuulinda ule iliotoka nao mtini. Miche ya TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa Tanzania, kutoka kituo chake cha Lyamungu, inayostahimili chulebuni na kutu ya majani, imempunguzia mkulima mzigo wa dawa, lakini haimwokoi aliyevundika vibaya, yaani aliyeichachusha vibaya kahawa iliyomenywa ili utelezi wake uachie. Ndiyo maana tunaweka mkazo kwenye kazi ya nyumbani: kumenya, kuvundika, kuosha na kuanika.

Chuma zilizoiva tu, nyekundu mwili mzima, na urudie mti uleule kila baada ya siku 10 hadi 14. Ya kijani haimenyeki vizuri, na punje yake hukifanya kikombe, yaani kinywaji kinachoonjwa, kiwe kikali na chenye ladha ya majani. Iliyokaukia mtini itenge, uianike peke yake kama buni, yaani pamoja na ganda lake la nje. Kabla ya kumenya, mimina kahawa yote kwenye ndoo au pipa la maji. Zinazoelea ni nyepesi kwa sababu zimetobolewa na wadudu, zina punje moja iliyodumaa, au zimeanza kukauka. Ziondoe. Hatua hii huchukua dakika chache, na wanaoiruka ndio hulalamika baadaye kwamba kahawa yao imechanganyika.

Menya siku hiyohiyo, ndani ya saa 8 tangu kuchuma. Ikilala kwenye gunia hupata joto na kuanza kuchacha ikiwa ndani ya ganda, na harufu ile ya pombe haioshwi tena.

Mashine ya kumenyea ijaribu kwa konzi chache na maji kabla ya kumwaga mzigo wote. Nafasi ikiwa finyu mno kati ya silinda ya shaba na bamba lake, punje huchanika. Ikiwa pana mno, kahawa hupita bila kumenyeka. Usidharau punje iliyochanika. Vijidudu huingia kwenye kidonda chake wakati wa kuvundika, nayo hugeuka nyeusi au yenye harufu mbaya, na chache za namna hiyo hutosha kuharibu kikombe. Ukubwa wa kahawa hubadilika msimu ukiendelea, kwa hiyo rekebisha mashine zaidi ya mara moja.

Kuvundika ndiko kunakokosewa zaidi. Utelezi unaozunguka punje una sukari na pektini. Hamira na bakteria huula na kuzalisha asidi, ndipo utelezi unalegea na kuachia. Kasi yake inategemea joto la mahali: ukanda wa chini, saa 12 hadi 24 zinaweza kutosha, juu mlimani kwenye baridi, hata saa 36 au 48. Usitumie saa ya jirani wa ukanda mwingine. Tumia mkono. Chota konzi, ioshe, isugue: ikikwaruza kama kokoto, imefika, ikiteleza, bado. Wengine huchomeka kijiti katikati ya rundo. Kikichomolewa na tundu likabaki wazi, ni wakati wa kuosha. Anza kupima mapema na urudie kila baada ya saa chache, hata usiku.

Kahawa iliyopitiliza huwa na uchachu mbaya na harufu ya kuoza. Iliyoondolewa mapema hubaki na utelezi unaokaukia juu ya ganda la ndani, unavuta unyevu na kulitia madoa. Usichanganye kahawa ya jana na ya leo kwenye chombo kimoja, kwa sababu haziwezi kufika pamoja. Tumia ndoo za plastiki au sinki la saruji lililosuguliwa, lifunikwe, na usitumie pipa lenye kutu.

Osha kwa maji safi mpaka yatoke meupe, ukiondoa tena zinazoelea. Ukiwa na maji ya kutosha, iloweke saa 12 hadi 24, kama wafanyavyo Wakenya wengi. Hili huondoa mabaki na kuipa sura safi. Maji machafu yaelekeze kwenye shimo, yasifike mtoni: yana asidi na huwanyima samaki hewa. Maganda yarudishe shambani yakiwa mboji.

Kwenye kichanja chenye wavu, kahawa huanza na unyevu wa takribani asilimia 55. Itandaze nyembamba, sentimita 2 hadi 3, uigeuze mara kwa mara mpaka maji ya juu yaishe. Baada ya hapo, ganda la ndani likishaanza kuwa jeupe, ndipo hatari ilipo: jua kali la mchana hupasua ganda na kuiacha punje wazi. Ifunike saa za mchana, ianike asubuhi na jioni. Punje ikiwa nyeusi na laini, unyevu ukiwa kati ya asilimia 32 na 22, ipe jua la wazi bila woga. Usiku na mvua, ifunike daima. Huchukua wiki moja hadi mbili na zaidi kidogo, ukingojea asilimia 11 au 10. Ikizidi 12, ukungu hupata nafasi. Ikikaushwa mno, huvunjika kwenye mashine ya kukoboa, nawe umepoteza uzito bure.

Kahawa mbivu kilo 100 hutoa takribani kilo 20 za pachimenti kavu (punje zikiwa bado na ganda la ndani), nazo zikikobolewa ni kilo 16 hivi za kahawa safi. Ukipata pungufu sana, chunguza mashine na zile zinazoelea ambazo hukuziondoa.

Hifadhi magunia juu ya mbao, mbali na ukuta, na kamwe pasiwe na mafuta ya taa, mbolea wala dawa chumbani. Kahawa huvuta harufu haraka.

Kwenye mnada wa kahawa wa Moshi, gredi ya AA ni ukubwa tu: punje inayobaki juu ya chekeche namba 18, yaani milimita 7 na kidogo. Waonjaji hutoa hukumu nyingine, na AA yenye kikombe kibovu hupigwa bei na B, gredi ya punje ndogo zaidi, iliyo safi. Kwa hiyo ukipeleka kwenye chama cha msingi, omba majibu ya gredi na ya uonjaji ya mzigo wenu, uyaweke kwenye daftari pembeni ya tarehe ulizovundika na saa ulizotumia. Msimu ujao anzia hapo.