Kabla Hujafunga Mota, Kichwa cha Treni Kiteremke Chenyewe

Wanaoanza kujenga reli ndogo za modeli kwa mikono yao, treni na njia zake, wengi hukimbilia mota na rangi. Siwalaumu, maana hivyo ndivyo vinavyoonekana. Lakini kila anayeniuliza namwambia jambo lile lile: usifunge mota mpaka chasisi, yaani fremu ya kichwa cha treni pamoja na magurudumu yake, iweze kuteremka yenyewe kwenye ubao ulioinamishwa kidogo, bila kusukumwa na bila kusita popote. Mota haiondoi msuguano. Inaulazimisha tu, na baada ya muda inapata joto, gia zinalika, na treni inaanza kwenda kwa kushtukashtuka. Na hilo haliishii kwenye chasisi. Reli nayo ipimwe kwa mkono kabla ya kupewa umeme.

Tuanze na skeli, yaani uwiano wa modeli na treni halisi, kwa sababu ndiyo itakayoamua ukubwa wa kila kitu utakachokishika. Skeli ya HO ni 1:87, na geji yake, yaani nafasi kati ya reli na reli, ni milimita 16.5. Inatokana na geji ya kawaida ya reli halisi, milimita 1435, ukiigawa kwa 87. Skeli ya N ni 1:160 na geji yake ni milimita 9. Skeli ya O ina geji ya milimita 32. Ukinunua treni zilizokwisha tengenezwa, N inafaa sana kwenye chumba kidogo. Ukitaka kuunda vichwa vya treni mwenyewe, fikiri mara mbili. Gurudumu lenye kipenyo cha mita moja na nusu linakuwa kama milimita 17 kwenye HO, na milimita 9 na kitu kwenye N. Kwenye hizo milimita 9 kosa dogo la tupa linatosha kuharibu kazi. Kwa anayeanza ningechagua HO, na kama nafasi ipo, O.

Meza ya kuwekea reli isikuchukulie muda mwingi, ila iwe imara. Plaiwudi ya milimita 9 juu ya fremu ya mbao inatosha, mradi mihimili isiachane sana na mbao ziwe kavu kabisa. Upana usizidi urefu wa mkono wako. Zaidi ya sentimita 75 hivi huwezi kuokoa behewa lililoanguka upande wa pili bila kulalia vijumba na miti. Kona nazipa nafasi kubwa kadiri meza inavyoruhusu. Kwa HO napenda nusu kipenyo cha milimita 600 au zaidi, hasa kama kichwa kina magurudumu mengi ya kuendeshea. Kona moja ikifuatwa na nyingine ya upande wa pili, weka kati yao reli iliyonyooka isiyopungua urefu wa behewa lako refu kuliko yote, la sivyo mabehewa yatavutana na kuruka nje.

Mlima nao una hesabu yake. Mteremko wa 1:50 ni mkali wa kutosha kwa treni ndogo. Ukitaka njia moja ipite juu ya nyingine kwenye HO, unahitaji kupanda kama milimita 75 ukihesabu na unene wa daraja. Kwa 1:50 hiyo ni mita 3.75 za kupanda, na bado hujaanza kushuka. Wengi huchora daraja kwanza, kisha wanagundua meza ni fupi. Piga hesabu kwanza.

Reli za kutengeneza kwa mkono zinaogopwa bure. Njia ninayoipenda ni kulehemu reli juu ya mataruma, vile vipande vya kukingama vinavyobeba reli, yaliyokatwa kwenye bodi ya saketi yenye tabaka la shaba juu. Unaipaka shaba fluksi, dawa inayosaidia lehemu kushika, unashikilia reli kwa kipimo cha geji, unagusa kwa chuma cha kulehemu chenye ncha safi, lehemu inatiririka chini ya reli, unaondoa chuma. Lehemu iwe kidogo. Ikijaa upande wa ndani, ukingo wa gurudumu utaigonga kila linapopita. Jambo lisiloruhusu uzembe ni kukata shaba ya kila taruma katikati kwa tupa nyembamba, kwa sababu taruma lisilokatwa linaunganisha reli mbili na umeme unapiga shoti. Kila nikimaliza mataruma kadhaa napima kwa mita ya umeme. Kutafuta taruma moja bovu kwenye njia iliyokwisha mwagiwa kokoto ni adhabu.

Mahali njia inapogawanyika ndipo penye kazi yenyewe. Ncha inayofanana na V, pale reli mbili za ndani zinapokutana, inoe mpaka iwe kali, kisha uitoe ukali kidogo tu sehemu ya juu ili gurudumu lisiikwaruze. Umeme wa ncha hiyo lazima ubadilike kulingana na upande treni inakoelekea, kwa hiyo ifungie swichi ndogo inayosukumwa na nyenzo ile ile inayosogeza ndimi za reli, zile reli nyembamba zinazohama kuielekeza treni. Ukiiacha bila umeme, vichwa vifupi vitazimika hapo hapo.

Sasa chukua behewa moja lenye uzito wa kutosha na magurudumu mazuri, ulisukume kwa kidole taratibu kwenye njia nzima. Fumba macho ukitaka. Kidole kinasikia kile ambacho jicho linakiruka: kiungo kilichoinuka kwa upana wa unywele, geji iliyobana kwenye kona. Paweke alama kwa kalamu, rekebisha, sukuma tena. Ndipo ulehemu waya. Kila kipande cha reli kipate waya wake unaoshuka kwenye nyaya mbili nene chini ya meza. Viungo vya chuma kati ya reli na reli vinashika reli zisihame, lakini usivitegemee kupitisha umeme, kwa sababu kutu na rangi vitavishinda.

Kwenye kichwa cha treni, ningekushauri cha kwanza kiwe kidogo, chenye magurudumu sita na tangi la maji juu ya chasisi. Usianze na magurudumu wala fremu. Anza na fimbo zinazounganisha magurudumu ya kila upande. Chukua vipande viwili vya bamba, vya upande wa kulia na wa kushoto, vilehemu pamoja kwa matone machache, kisha toboa matundu ya pande zote kwa pamoja. Baada ya hapo fimbo hizo zenyewe ndizo unazozitumia kama kipimo cha kutobolea matundu ya ekseli kwenye mbavu mbili za fremu, nazo zikiwa zimelehemiwa pamoja. Hapo umbali kati ya ekseli na ekseli na umbali kati ya pini na pini, vile vijiti vya kwenye magurudumu vinavyoshika fimbo, ni kitu kimoja, hata kama ulikosea kipimo cha mchoro kwa sehemu ya milimita. Ukipima fremu peke yake na fimbo peke yake kwa rula, hazitapatana.

Kisha inakuja pembe. Kwenye vichwa vingi vya mvuke vyenye silinda mbili, pini za upande mmoja huwa mbele ya pini za upande wa pili kwa digrii 90. Sababu ni kwamba fimbo ya upande mmoja ikifika mwisho wa mwendo wake, mahali isipoweza kusukuma, ya upande wa pili iko kwenye nguvu zake zote. Kwa modeli, 90 kamili haina uzito kama kufanana: ekseli zote tatu ziwe na pembe ile ile. Ikiwa moja ni 88 na nyingine 91, fimbo zitabana. Tengeneza kifaa kidogo cha kushikilia magurudumu mawili ya ekseli moja, pini zikiegemea pande mbili za skwea, na ukitumie hicho hicho kwa ekseli zote.

Chasisi ikisita, usipanue matundu yote kwa hasira. Sikiliza inasita wapi. Ikisita mahali pamoja kila mzunguko, pembe au fimbo ndiyo yenye shida. Ondoa fimbo za upande mmoja ujaribu, kisha za upande wa pili. Ikisita ovyo ovyo, tazama kama ekseli inakwama kwenye tundu lake, au kuna lehemu imebaki nyuma ya gurudumu. Iweke juu ya kioo bapa uone kama magurudumu yote sita yanagusa, kwa sababu lisilogusa halivuti wala halipokei umeme. Ndiyo maana mafundi wengi huacha ekseli moja ikae imara na nyingine mbili zichezee juu ya wenzo, chasisi isimame kama kigoda cha miguu mitatu.

Iteremshe kwenye ubao, mbele na nyuma, fimbo zikiwa zimefungwa. Ikiteremka, hapo mota na giaboksi vinaruhusiwa kuingia. Giaboksi yenye uwiano wa 40:1 au 50:1 inakipa kichwa kidogo mwendo wa polepole unaopendeza. Jino la gia lisibane sana na skrubu ya mota inayoizungusha, acha nafasi unayoweza kuisikia kwa ncha ya kidole. Vidole vya kuchukulia umeme vitengeneze kwa waya mwembamba wa aloi ya shaba yenye kunyumbuka, viguse nyuma ya magurudumu kwa wepesi. Vikikaza vinakuwa breki.

Kiwiliwili cha bamba ni kazi ya subira tu. Lehemu sehemu kubwa kwanza, ndogo baadaye, na ukiwa na lehemu za joto tofauti, anza na inayoyeyuka kwa joto kubwa ili vipande vya mwanzo visibanduke. Kisha osha fluksi yote kwa maji moto na sabuni kabla ya rangi. Ikibaki itakula bamba na rangi itavimba.

Uzito weka katikati ya magurudumu ya kuendeshea, usiuweke wote nyuma kwa sababu ndiko kwenye nafasi. Paka tone moja la mafuta mepesi kila ekseli, kisha kizungushe kichwa polepole bila mabehewa nusu saa kwenda mbele na nusu saa kurudi nyuma. Ukimaliza safisha magurudumu kwa spiriti, uchafu wa mwanzo ndio mwingi kuliko wote, halafu kikabidhi mabehewa mawili uone kinavyoyapeleka mlimani.