Barua kwa mwanangu: Mishono ambayo mchoraji haichori

Mwanangu Neema,

Hujambo? Sisi hapa Kariakoo hatujambo, na baba yako anakusalimu. Barua yako nimeisoma mara tatu kabla ya kushika kalamu, kwa sababu swali lako linaihusu kazi yangu kuliko ulivyodhani. Umesema kwamba wewe na wenzako hapo Bagamoyo mnataka kukigeuza kitabu cha katuni cha rafiki yenu, kile cha mvuvi mwenye nguvu za ajabu, kiwe filamu ya waigizaji halisi, nanyi mmekwama kwenye vazi la shujaa. Mkimvalisha muigizaji kama alivyochorwa, anaonekana kama mtu aliyekodiwa kuchangamsha sherehe ya watoto. Mkilibadilisha vazi, wasomaji watasema mmewanyang'anya mtu wao. Umeniuliza mfuate lipi.

Nianze na jambo ambalo fundi cherehani huliona mapema kuliko mwongozaji wa filamu: mchoraji hamvalishi mtu nguo. Yeye huchora mwili, misuli na yote, kisha huupaka rangi, na rangi hiyo ndiyo tunayoiita vazi. Ndiyo maana nguo ya shujaa wa katuni haina mshono, haina zipu, haikunjamani kwenye kiwiko wala hailowi jasho kwapani. Superman alipotokea mara ya kwanza mwaka 1938, mchoraji wake, Joe Shuster, alilitoa umbo la vazi lile kwa wanaume wenye nguvu wa maonyesho ya sarakasi, waliovaa suruali za kubana na chupi juu yake. Rangi zilikuwa kali, nyekundu, buluu na njano, na katika kurasa za karatasi duni ziliusaidia mchoro mdogo utambulike haraka. Nakuomba ulishike hilo, kwamba rangi zile zilikuwa na kazi yake katika ukurasa. Kwenye filamu kazi hiyo hufanywa na uso, sauti na mwanga, hivyo rangi hubaki inapiga kelele bila mtu wa kumwita.

Hata joho ni hivyo hivyo. Ulipokuwa na miaka saba ulijifunga kanga yangu shingoni ukaruka kutoka barazani, ukalia, wala hukuwa umeumia; ulilia kwa sababu kanga ilikugandama mgongoni badala ya kupepea kama kwenye picha. Katika katuni joho hupepea hata ndani ya chumba kisicho na dirisha, kwa kuwa picha iliyosimama haina njia nyingi za kuonyesha kwamba mtu anakwenda kasi, na joho ni mojawapo. Filamu inao mwendo wenyewe.

Sasa tazama waliotutangulia. Katika filamu ya Superman ya mwaka 1978 vazi liliachwa karibu sana na mchoro, na bado watu waliamini. Mimi naona siri ilikuwa mabega ya Christopher Reeve, aliyemwigiza. Kuna mahali anasimama nyumbani kwa Lois, mwanamke anayempenda, akiwa bado Clark, yule mtu wa kawaida anayejifanya kuwa, amejikunja, kisha anavua miwani, ananyooka, na sauti inashuka. Nguo ni ile ile ya ofisini, lakini mbele yako amesimama mtu mwingine. Kwa macho ya fundi, nusu ya vazi ni namna mvaaji anavyolibeba, na hilo hakuna mkasi unaoweza kulikata.

Batman wa mwaka 1989 alivikwa vazi zito la mpira jeusi, na Michael Keaton hakuweza kugeuza shingo peke yake; ilimbidi ageuke na mwili mzima, naye akaufanya ukakamavu ule kuwa tabia ya mhusika. Ilisaidia filamu ile, lakini msitegemee bahati kama hiyo. Katika filamu ya Batman ya mwaka 2008 shujaa mwenyewe anaomba vazi litakalomruhusu kugeuza kichwa.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa X-Men, kundi la mashujaa wa katuni, Wolverine akiwa mmoja wao. Mwaka 2000 watengenezaji waliacha kabisa rangi za kitabuni, wakawavalisha wote ngozi nyeusi, na ndani ya filamu yenyewe wakaweka utani kuhusu vazi la njano. Nadhani waliogopa kuchekwa, na mtu anayeiogopa hadithi yake hushona kwa mkono unaotetemeka. Ilipofika mwaka 2024, Hugh Jackman, yule yule aliyemwigiza Wolverine tangu mwanzo, alivaa njano hatimaye, na watu wakashangilia. Je, kitabu kilikuwa na haki tangu mwanzo? Sivyo hasa. Njano ile ya mwaka 2024 ilikuwa imetafutiwa unene, mishono na vipande vinavyoonekana kukinga kipigo. Ilikuwa nguo, haikuwa rangi tu. Hata chupi ya Superman iliondolewa mwaka 2013 ikarudishwa mwaka 2025, kwa hiyo msidhani kuna uamuzi mmoja uliokwisha kutolewa kwa wote.

Unakumbuka tulipokwenda Mlimani City mwaka 2018 kuitazama Black Panther, nami nikakusumbua kwa kukushika mkono kila malkia alipoingia? Shujaa yule, Black Panther mwenyewe, alibuniwa mwaka 1966 na Wamarekani wawili, Stan Lee na Jack Kirby, na nchi yake ilikuwa ya kufikirika. Ruth Carter, aliyebuni mavazi ya filamu hiyo, hakuishia kwenye mchoro. Alikwenda kwenye kofia ya wanawake wa Kizulu walioolewa, akaifanya taji la malkia kwa mashine ya kuchapa vitu vyenye umbo kamili (3D); akachukua mablanketi ya Wabasotho akawavika walinzi wa mpakani; na juu ya vazi jeusi la mfalme akatandaza pembetatu ndogo ndogo, ili weusi ule upate uso wa kushika mwanga. Mwaka 2019 alipewa tuzo ya Oscar. Shujaa alibaki mweusi, mwenye kinyago na masikio ya chui, kama alivyochorwa. Kilichobadilika ni kwamba sasa nguo yake ilikuwa na watu walioishona na mahali ilikoshonwa.

Hapo ndipo jibu langu lilipo. Lindeni umbo ambalo mtoto angelitambua hata akiona kivuli tu ukutani, kisha vingine vyote muulize vimetoka wapi. Shujaa wenu ni mvuvi. Joho lake la zambarau kitabuni linafika visiginoni. Liacheni lifike visiginoni, lakini likatwe kwenye kitambaa cha marekani kama tanga la dau, lioshwe kwa maji ya chumvi mpaka lipauke, na zambarau ibaki kwenye pindo. Mistari ya kifuani iwe ya uzi wa nyavu ulioshonwa kwa mkono, usioteleza chini ya taa. Rafiki yenu akikasirika, mwambieni aje Kariakoo nimwonyeshe kitambaa.

Jambo moja nalisema kwa uchungu. Mwaka 2009 niliwashonea vijana wa maigizo joho la mfalme, la velveti lenye bitana nzito, nikaufuata mchoro niliopewa kwa uaminifu wote. Jukwaani, katika joto la Februari, kijana yule hakuweza kuinua mikono kupita mabega, na maneno ya mwisho aliyasema akihema. Kosa lilikuwa langu, kwani nilimpima akiwa amesimama tu. Muigizaji wenu atapiga makasia, atachuchumaa, atabeba mtu. Mpimeni katika hali hizo zote kwa futi kamba, na mniandikie kila kipimo.

Nimezipitia pia kurasa ulizonitumia, zote. Shujaa amechorwa kwa mbele na kwa ubavu, hata mara moja hajageuka. Mwombeni rafiki yenu amchore kwa mgongo, tena amchore asubuhi akiwa analivaa vazi lile peke yake, ili nijue linafunguka wapi. Michoro hiyo ikinifikia kabla ya Ijumaa, nitaanza kukata Jumamosi.

Mama yako