Chama cha utalii kina faida gani kwetu? Maswali kutoka Tanga na Pangani

Nilikuwa katibu wa chama cha wenye biashara za utalii hapa mkoani kwa miaka kadhaa, na wiki hii maswali karibu yote yaliyonifikia yanahusu chama. Nayajibu kwa niliyoyaona.

Shikamoo mama. Nina nyumba ya wageni ya vyumba sita Ushongo. Chama kinadai ada kila mwaka, lakini hakijaniletea mgeni hata mmoja. Nibaki kwa lipi?

Marahaba mwanangu. Ada yako si ya kutafutiwa mgeni. Ni ya kuwa na mtu wa kukusemea pale ambapo wewe huitwi. Wenye kampuni za safari wana TATO tangu 1983, wenye hoteli wana HAT, na vyama hivi vina shirikisho lao, TCT, linalozungumza na serikali. Huko juu utalii ukitajwa, mawazo yanakimbilia Serengeti na Kilimanjaro. Nani atawakumbusha kwamba mgeni wetu anafuata bahari, Mapango ya Amboni, magofu ya Tongoni na msitu wa Amani? Ni sisi wenyewe, na tukiwa wengi.

Lakini ada ina haki zake. Kwenye mkutano mkuu uliza: mwaka huu chama kimeandika barua zipi, kwa nani, na zilijibiwaje? Kama hakuna hata moja, hapo una haki ya kugomba.

Sisi wenye boti wa Pangani tumechoka. Kuna mwenzetu anapeleka wageni kisiwa cha hifadhi cha Maziwe kwa bei ya kutupa. Chama kitupangie bei moja, atakayeishusha afukuzwe.

Uchungu wenu naujua, ila hapana. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza washindani kupatana bei, na kulipitisha jambo hilo ndani ya chama hakulihalalishi. Hata ujumbe wa kundini wa "jamani, chini ya hapa mtu asishuke" unaweza kugeuka ushahidi mbele ya Tume ya Ushindani.

Itazameni hiyo bei ya kutupa inatoka wapi. Nilishapanda boti ya namna hiyo. Tulikuwa watu kumi na mmoja, jaketi okozi tano, mbili zimefumuka mshono, sponji linachungulia nje. Dumu la petroli lilikuwa limefungwa kwa kamba miguuni mwa mtoto. Nahodha alichelewa kuondoka kwa sababu alikuwa anasubiri kichwa kimoja zaidi. Na Maziwe mnaijua: mivinje yake ilikwisha zamani, limebaki fungu la mchanga, na bahari ikijaa hakuna pa kusimama. Tulifika maji yameshapanda. Wageni waliokuwa wamelipa wakaishia kupiga picha maji, tukarudi.

Basi pataneni juu ya usalama, si bei. Kila kichwa kiwe na jaketi nzima. Boti iwe imekaguliwa na TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini. Safari ifuate maji na si idadi ya abiria, na ada ya hifadhi ilipwe. Chama kiandike orodha ya boti zinazotimiza hayo na kuipeleka kwenye hoteli zote, na yeyote atakayetimiza aingizwe, hata huyo mnayemlalamikia. Bei kila mtu apange yake.

Naongoza wageni Amboni. Chama kinaweza kunipa leseni?

Hakiwezi. Leseni hutolewa na Wizara ya Maliasili na Utalii chini ya Sheria ya Utalii ya 2008. Kitambulisho cha chama hakisimami badala yake, na usikubali kuuziwa hivyo. Kibane chama kwenye mafunzo: huduma ya kwanza, lugha, historia ya mahali.

Tozo mpya ikitangazwa tunakwenda kulalamika, tunaambiwa imeshapita. Kutetea huku kuna maana kweli?

Kuna maana sana, ila mnafika soko limeshafungwa. Bunge la bajeti huanza Aprili na kumalizika Juni, na kodi mpya huanza Julai 1. Maoni yapelekwe Wizara ya Fedha miezi kadhaa kabla, kisha kwenye Kamati ya Bajeti inapoita wadau. Sheria ndogo za halmashauri nazo hutangazwa kwanza ili wananchi watoe pingamizi, kwa hiyo ubao wa matangazo usomeni.

Hata ukiwahi unaweza kushindwa. Mwaka 2016 huduma za utalii zilipoondolewa msamaha wa VAT, vyama vilieleza kwamba safari nyingi zilishauzwa kwa bei ya zamani. Julai ilipofika, asilimia 18 ikaanza. Tangu hapo kila bei ninayomwandikia wakala ina mstari mmoja: kodi ikibadilika, bei itabadilika.

Mahali ambapo nimeona matunda ni hapa nyumbani. Mara ya kwanza tulikwenda kwenye halmashauri moja na manung'uniko matupu. Tulipewa chai, tukaaga. Mara ya pili tulibeba madaftari ya nyumba nane, yamepigwa mistari kwa rula: tarehe, vitanda vilivyolaliwa, tozo iliyolipwa, ofisi iliyoipokea. Mweka hazina alifunua kurasa polepole, kidole kikishuka safu kwa safu, kisha akauliza, "Kwa hiyo kitanda hiki kimoja mnakilipia sehemu tatu?" Tozo hazikufutwa. Lakini tulianza kuzilipa zote dirisha moja, siku moja, na zile asubuhi za kuzunguka ofisi zikaisha.

Mimi ni mama lishe Raskazone. Wakubwa wale watanipokea?

Mgeni akitoka pangoni na njaa, anakula kwako, mama. Wewe umo kwenye utalii kama wao. Nenda na wenzako watatu, ombeni katiba ya chama, na mwombeni katibu awasomee kifungu cha uanachama kwa sauti. Kama hakiwataji wadogo, pendekezeni kirekebishwe kabla ya mkutano mkuu, kwa maandishi, na mbaki na nakala yenye mhuri.