Shangazi wa Gitaa: Maneno yakae mahali pake

Mwangaluka wasomaji. Wiki hii barua zimenikuta Mwaloni, katikati ya magunia ya dagaa, nami nimezisoma nikiwa nimekaa juu ya gunia moja. Wasionijua: nimepiga gitaa la solo kwenye bendi za roki hapa Mwanza kwa zaidi ya miaka ishirini na tano. Asubuhi nauza dagaa, jioni nafundisha gitaa kwenye chumba kimoja Mabatini. Najibu ninachokijua kwa vidole vyangu.

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Nyegezi, tuna bendi ya watu wanne. Tukipiga kopi za Kiingereza watu wanaruka. Nikiimba nyimbo zangu za Kiswahili, hata wenzangu wanasema nasikika kama msoma taarifa ya habari. Je, Kiswahili hakifai kwa roki? Nimekutumia wimbo wangu kwenye simu. – M., Nyegezi

Marahaba mwanangu. Wimbo nimeusikiliza mara nne, mara ya mwisho nikiwa nimezima taa. Gitaa lako zuri. Wimbo wenyewe mzuri pia, na nimefurahi kwamba umeandika juu ya foleni ya kivuko cha Kigongo. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025 watu wanavuka kwa dakika chache, na watoto wa leo hawatajua kulala ndani ya basi wakisubiri zamu. Usiutupe wimbo huo.

Tatizo lako nimelisikia kwenye mstari wa kwanza: "Nimesimama kivukoni nasubiri." Ile silabi ya mwisho, "ri", umeiweka kwenye pigo la kwanza, pale ambapo dramu na besi wanashuka pamoja kwa nguvu. Kwa hiyo sikio linapokea "nasubi-RI". Mwanza nzima, kuanzia Igoma mpaka Igombe, hakuna mtu anayesema nasubiRI. Tunasema nasuBIri. Msikilizaji hajui amesikia nini kibaya, ila anajua huyu mtu haongei naye.

Hili umeliokota kwenye kopi. Kiingereza kina maneno mengi mno ya silabi moja, na waandishi wa roki hupenda kuyaweka mwishoni mwa mstari, yakashuka kama nyundo. Ukichukua mdundo huo ukaujaza Kiswahili, mkia wa neno ndio unaopigwa nyundo. Sisi mkazo wetu, karibu kila neno, unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ki-VU-ko. Mi-A-mba. Kwa hiyo VU ndiyo ikae na dramu, halafu "ko" idondoke baada ya pigo, taratibu. Ile nafasi ndogo inayobaki baada ya "ko" muachie gitaa lijibu. Ukifanya hivyo utaona kwamba Kiswahili kinakupa kitu ambacho kopi zako hazina: kila mstari unafungua mlango wa gitaa mwishoni.

Kuna na hili, ambalo mimi lilinichukua miaka. Maneno yetu marefu usiyaogope. Chukua neno "hawatatusahaulisha". Silabi tisa, mkazo mmoja tu, kwenye LI. Mzunguko wa mapigo manne, ukigawa kila pigo mara mbili, una nafasi nane. Nafasi ya kwanza iache tupu. Zile saba zijaze: ha-wa-ta-tu-sa-ha-u. Kisha LI inaangukia sawasawa kwenye pigo la kwanza la mzunguko unaofuata, na "sha" inafuata nyuma yake. Jaribu sasa hivi, ukigonga meza. Umeona linavyokimbia halafu linagonga? Neno moja limefanya kazi ya mstari mzima.

Zoezi: weka gitaa chini. Tembea, sema mstari wako kama unavyomwambia rafiki, na hatua ya mguu wa kulia iangukie kwenye mkazo. Mimi nilikuwa nafanya hivyo nikipanda mlima wa Bugando. Mstari ukikugomea miguuni, hata jukwaani utakugomea. Badilisha neno, usibadilishe matamshi.

Na wakikuambia roki haiimbiki kwa lugha zetu, waulize kuhusu Zambia ya miaka ya 1970. Ngozi Family walipiga roki yenye mikwaruzo wakiimba Kinyanja, watu wakacheza. Kiswahili kitashindwa nini?

Bwana Yesu asifiwe Shangazi. Nina miaka 16, napiga solo kwenye kwaya ya vijana. Juzi mazoezini niliweka ile sauti ya kukwaruza, mzee mmoja wa kanisa akasema hiyo ni roki na roki ni ya shetani. Mama amelifungia gitaa kabatini. Nifanye nini? – Binti wa Igoma

Amina, binti yangu. Kwanza usimjibu mama kwa hasira. Gitaa limefungiwa, halijauzwa. Hapo pana mazungumzo.

Nikusimulie juu ya mama mmoja. Anaitwa Sister Rosetta Tharpe, alizaliwa mwaka 1915 huko Arkansas, Marekani, mtoto wa mama mwinjilisti, akakulia kanisani akiwa na gitaa mkononi. Alipiga nyimbo za injili kwa gitaa la umeme kabla neno roki halijawa jina la muziki. Wengi waliokuja kuitwa wafalme wa roki walijifunza kwake. Mwaka 1964 alipiga kwenye stesheni ya zamani ya treni kule Manchester, Uingereza, mvua imelowesha jukwaa, yeye amevaa koti lake na gitaa jeupe, anaimba habari za Mungu. Picha zake za video zipo. Mwonyeshe mama, bila kusema neno.

Ile sauti ya kukwaruza nayo haina pepo. Amplifaya ikipewa umeme wa gitaa mwingi kuliko inavyoweza kuubeba, vilele vya mawimbi ya sauti vinakatwa, na katika kukatwa kule zinazaliwa sauti nyingine ndogondogo juu ya ile uliyoipiga. Ndiyo maana noti moja inasikika nene.

Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa. Naye alisikia maneno hayohayo, akaniita sebuleni, akaniambia nipige tenzi moja ya kitabuni kwa sauti ileile ninayolaumiwa. Nilipiga beti zote nne, magoti yakinitetemeka. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema: "Punguza makali ya juu, yanaumiza masikio." Basi. Toka siku ile hakuna aliyenisumbua nyumbani.

Mwombe mama akusikilize tenzi moja. Ila kanisani, kiongozi wa kwaya akisema sauti safi, piga sauti safi. Kupiga kile ambacho wimbo unakitaka ni kazi ya mpiga gitaa popote alipo.

Shangazi, gitaa langu linavuma mfululizo, na nikigusa nyuzi mvumo unapungua. Halafu nikiimba, maikrofoni inanipiga shoti midomoni. Wenzangu wanasema ni kawaida. – Mpiga rithimu, Nansio, Ukerewe

Mvumo ni jambo moja, shoti ni jingine, na la pili linaua. Kwa hiyo nianze na hilo.

Soketi zetu zina matundu matatu. Tundu la juu, lile kubwa, ni la waya wa ardhi, ule unaoupeleka umeme uliopotea udongoni usipitie kwako. Sasa sote tunajua kinachofanyika: plagi ya miguu miwili haiingii, mtu anachukua kalamu, anachokonoa tundu la juu, anaichomeka. Au mguu wa ardhi ulivunjika zamani na hakuna aliyejali. Amplifaya ikivujisha umeme kwenye bodi lake, unatembea kupitia waya wa gitaa mpaka kwenye nyuzi, na nyuzi umezishika. Maikrofoni imeungwa kwenye mikisa, ile mashine ya kuchanganyia sauti, yenye ardhi nzuri. Midomo yako ikigusa maikrofoni, wewe ndiye unakuwa waya.

Lilinipata kwenye ukumbi mmoja wa ufukweni, umeme wa jenereta, sakafu imelowa. Nilikuwa nimeshika kodi ya E kwa mkono wa kushoto. Nilipofungua mdomo kuimba niliona weupe, vidole vikajifunga kwenye shingo la gitaa, nisiweze kuviachia. Mpiga dramu alinipiga teke la begani nikaanguka mbali na maikrofoni. Ndiye aliyeniokoa.

Kwa hiyo: fundi umeme aangalie ardhi ya ukumbi kabla hujaimba tena. Amplifaya na mikisa vichukue umeme sehemu moja, vyote kwa plagi za miguu mitatu iliyo kamili. Na kabla ya kila onyesho, gusisha nyuzi za gitaa kwenye wavu wa maikrofoni, mikono yako ikiwa kwenye mbao, si kwenye chuma. Ukiona cheche au ukisikia mlio wa "bzz" mkubwa, hakuna kuimba.

Mvumo sasa. Umeme wetu unapiga mara 50 kwa sekunde, na sumaku za gitaa zenye koili moja moja ya waya zinaunasa kutoka kwenye taa za tyubu na chaja za simu. Geuka taratibu ukiwa umeshika gitaa. Kuna upande ambao mvumo unapungua, simama hivyo. Ukiwa na fedha, tafuta sumaku za koili mbili. Zile zimesukwa kinyume ili mvumo wa moja uufute wa mwenzake. Seth Lover wa Gibson ndiye aliyezibuni mwaka 1955.

Shangazi shikamoo. Mimi ni fundi gereji Nyakato, napiga solo. Wimbo wetu mmoja umeanza kupigwa redioni. Mwanzo wake wa gitaa niliutunga mimi, nyumbani, kabla sijawapelekea wenzangu. Mwimbaji, ambaye pia ndiye mwenye vyombo, ameuandikisha kwa jina lake peke yake. Nihame bendi? – K.

Marahaba. Barua yako imeniuma, kwa sababu na mimi imenikuta. Kwenye bendi yangu ya kwanza nilitunga wimbo mzima, maneno na gitaa. Nikausikia redioni nikiwa kwenye daladala la Kirumba, mtangazaji akataja jina la mtu mwingine. Nilishuka kituo ambacho si changu. Nilinyamaza kwa sababu sikutaka bendi ivunjike. Bendi ilivunjika miezi michache baadaye, na wimbo nikaukosa.

Hapa kwetu kuna mazoea ya zamani: mwenye vyombo ndiye mwenye bendi. Yana historia yake. NUTA Jazz ilianza 1964 ikiwa mali ya chama cha wafanyakazi, ikaja kuwa Juwata, kisha OTTU, leo Msondo Ngoma. Wanamuziki wake walikuwa waajiriwa na vyombo vilikuwa vya chama. Kwa namna hiyo vijana wengi walishika gitaa la umeme ambalo wasingeweza kulinunua maisha yao yote, na mimi naishukuru historia hiyo. Lakini mwenye dramu anamiliki dramu. Wimbo ni wa aliyeutunga.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inasema hivyo pia: haki inazaliwa pale kazi inapotungwa. Kuandikisha kunasaidia kuthibitisha, hakumfanyi mtu awe mtunzi. Na haki hiyo inaishi maisha yako yote na miaka 50 baada yako, kwa hiyo unayoyazungumzia hapa ni mambo ya wajukuu zako.

Tafuta kwenye simu rekodi ya zamani zaidi ya mwanzo ule, hata kama kuku wanasikika nyuma. Tarehe yake ni shahidi. Kisha mwite mwenzako peke yake, si mbele ya bendi, mwambie: "Mwanzo ule niliuleta mimi. Nataka jina langu liwe pembeni ya lako." Wengi hawakuwa na nia ya kuiba, walijaza fomu haraka. Akikubali, nendeni pamoja Ofisi ya Hakimiliki mkarekebishe. Akikataa, nenda mwenyewe na rekodi yako, kisha uamue kuhama. Onyesho mlilokwisha kulipokelea fedha ulipige kwanza.

Na nyinyi mnaoanza: nunueni daftari. Kila wimbo ukikamilika, palepale mazoezini, andikeni nani alileta maneno, nani sauti, nani gitaa, na mgawo wa kila mmoja, kisha wote msaini. Inachukua dakika tano, wakati bado mnapendana.

Shangazi, baada ya mazoezi masikio yanalia "ngiii" mpaka asubuhi. – Dramu, Pasiansi

Sikio linaweza kuvumilia desibeli 85 kwa saa nane. Kila zikiongezeka tatu, muda unakatwa nusu. Chumba kidogo chenye dramu na amplifaya mbili kinafika 100 bila shida, na hapo una dakika kumi na tano tu. Nunua vizibo vya sponji duka la dawa. Pamba haitoshi. Mlio usipoisha kwa siku mbili, muone daktari wa masikio.

Mimi nilisimama upande wa matoazi kwa miaka kumi na moja bila vizibo. Usiku nikikaa juu ya miamba hapa nyumbani, nyenje nawasikia kwa sikio la kulia tu. Vaa vizibo Jumamosi hii.